Mama Almasi na Mkono wa Kinyozi

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya pili, Mama Almasi anavua viatu vya njiani, anaingiza miguu kwenye kandambili zinazoishi chini ya meza yake, anawasha kompyuta, kisha anaanza kuongea peke yake.

"Huyu juu ni nzuri," ananong'ona, kidole kikiwa kwenye jedwali la ripoti iliyochapwa. Anafunua ripoti nyingine. "Huyu juu ni mbaya. Na huyu... ngoja kwanza. Huyu hajasema."

Mgeni asiyejua atadhani mama wa watu anasoma dua. Lakini ng'ambo ya kabati la chuma lililosimama katikati ya chumba, sauti nzito ya kiume nayo inanong'ona maneno hayo hayo. Ni mwenzake wa kazi, mfamasia mstaafu ambaye hospitali nzima inamwita Babu Dozi. Wote wawili wana ripoti zilezile na wanatoa namba zilezile, na ni marufuku mmoja kumtazamia mwenzake mpaka wote wamalize.

"Kabati tulilisukuma wenyewe," anasema Mama Almasi. "Bila hivyo Babu angekuwa ananichungulia kama mwanafunzi kwenye mtihani."

"Muulize nani alikuwa anamchungulia nani," Babu Dozi anajibu kutoka upande wa pili.

Kazi yao ni ngumu kuitaja kwa neno moja, ila si ngumu kuielewa. Tiba moja hufanyiwa utafiti mahali pengi. Hospitali hii imejaribu kwa watu hamsini, ile kwa mia mbili, nyingine kwa thelathini tu. Mmoja anasema tiba inafaa, wa pili anasema haifai, wa tatu anajiumauma. Ukimfuata mmoja unaweza kupotea. Kwa hiyo kitengo hiki kidogo hukusanya tafiti zote zilizouliza swali moja, hutoa namba zake, na kuziingiza kwenye programu ya kompyuta inayozipima kwa pamoja na kutoa jibu moja.

"Ni kama kesi ya ukoo," Mama Almasi anaeleza. "Shangazi ana lake, baba mdogo ana lake. Humsikilizi anayepiga kelele zaidi. Unawasikiliza wote, ila aliyeona kwa macho yake unampa uzito kuliko aliyesimuliwa."

Kwenye skrini, kila utafiti unapata mstari wake na kisanduku cheusi. Utafiti wa watu wengi hupata kisanduku kikubwa, wa watu wachache hupata kidogo kama mbegu ya papai. Katikati ya mchoro umesimama mstari wa wima, ambao chumbani humu wanauita ukuta. Kisanduku kikiangukia kulia kwa ukuta, tiba imesaidia. Kikiangukia kushoto, imedhuru. Kikikaa juu ya ukuta wenyewe, hakuna anayeweza kusema lolote kwa uhakika. Na chini kabisa, baada ya tafiti zote kupimwa pamoja, programu inachora umbo la almasi, kama lile la kwenye karata. Hilo ndilo jibu.

Jina la Mama Almasi lilitoka hapo. Mtaani walipolisikia, walidhani anauza vito. Jirani mmoja alimfuata hadi mlangoni akamwomba amtunzie kipande, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya bintiye anayeolewa. Mama Almasi akamtolea karatasi yenye mchoro. Jirani aliitazama, akaguna, akaenda zake, na hadi leo anaamini alinyimwa.

Yeye si daktari, wala hajawahi kujifanya daktari. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa masjala ya hospitali hiyohiyo, akipanga mafaili ya wagonjwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Jioni alisoma kompyuta. Kitengo kilipoanzishwa, daktari anayekiongoza alitafuta mtu mwenye subira na asiyeogopa makaratasi, na wauguzi wote wakamtaja yeye.

Mshahara wake unalipa kodi ya vyumba viwili na nauli, na kinachobaki kinataka kubanwa. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka ukielekea ukingoni, yeye na Babu Dozi hukaa roho juu wakisubiri kusikia kama kitengo kitaendelea.

Aliyemfikisha hapo ni kaka yake. Baba yao alipofariki, kaka aliacha shule akaingia kwenye unyozi, akawa ananyoa watu ili mdogo wake asome. "Akili ni nywele," kaka hupenda kuwaambia wateja, "na mimi nimenyoa vichwa vingi, kwa hiyo zimenibakia nyingi sakafuni." Anacheka kabla ya mteja kucheka.

Mwaka jana, katikati ya kichwa cha mteja, mashine ya kunyolea ilimdondoka mkononi. Mteja alidhani ni utani wake wa kila siku. Alipogeuka akaona mdomo wa kinyozi umekwenda upande. Ni mteja huyohuyo aliyembeba hadi barabarani na kumfikisha hospitali, akakaa naye wodini mpaka ndugu walipofika, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu nywele zimesimama.

"Wauguzi walikuwa wanashindwa kunitazama mimi, wanamtazama yeye," anasema kinyozi. "Nilikuwa nakufa, na bado niliona aibu kwa ile kazi."

Kiharusi kilimwachia maneno yake yote, lakini kilichukua mkono wa kulia. Vidole vinakunja na kukataa kukunjuka. Kikombe anakishika, mashine haishiki. Kibanda chake kikafungwa kufuli, naye akahamia kwa dada yake, kwenye chumba cha mbele.

Kliniki ya viungo ni mara moja kwa mwezi, na foleni yake ni ya kukaa nayo mpaka mchana. Lakini hospitali ilikuwa imeanza huduma nyingine, ndogo, kwa mitaa michache ya jirani tu. Mtaalamu wa mazoezi anamfuata mgonjwa nyumbani kila wiki, anamfanyisha mazoezi, anawafundisha na watu wa nyumbani. Mtaa wa Mama Almasi haukuwemo. Uongozi ulikuwa umesema huduma itapelekwa kote endapo itathibitika kwamba inasaidia, na kazi ya kuthibitisha ikaangukia kwenye chumba chenye kabati.

"Daktari aliniuliza kama nitaiweza, maana alijua habari za kaka," anasema Mama Almasi. "Nikamwambia namba hazimjui kaka yangu. Nilijiona nimejibu vizuri kweli."

Walipata tafiti kumi na moja. Wakakaa nazo, kila mtu upande wake wa kabati, wakasoma, wakatoa namba, wakalinganisha. Palipotofautiana wakabishana, na walipokwama daktari akaamua. Kisha namba zikaingia kwenye programu, na almasi ikajichora upande wa kulia, mbali na ukuta. Huduma inasaidia.

Mama Almasi haoni haya kueleza alivyojisikia. "Nilifurahi mpaka nikasimama. Babu Dozi alinipa mkono juu ya kabati. Daktari akapeleka taarifa kwa uongozi, na wiki haikuisha tukasikia wameanza kuulizia pikipiki za wataalamu wa kwenda mitaani."

Jioni ya siku waliyosikia habari za pikipiki alirudi nyumbani na mchoro ameuprinti kwenye karatasi. Akauweka mezani mbele ya kaka yake, akamweleza ukuta na visanduku na almasi. Kinyozi akautazama kwa makini, kama anavyotazama kichwa kabla ya kukigusa, kisha akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye kisanduku kimoja kikubwa kilichokuwa kulia kabisa, peke yake.

"Bonge huyu ni nani?"

"Ni utafiti mmoja mkubwa. Una watu wengi kuliko wote."

"Na mbona kawaacha wenzake huko nyuma?"

"Wagonjwa wao walipata nafuu sana."

"Basi hao ndio wa kuiga," kinyozi akasema. "Nisomee walifanya mazoezi gani. Kama walibana mpira, nibane mpira. Kama walikamua nguo, nguo zote za humu ndani nizikamue mimi. Mtaalamu wenu akija anikute nimeshafika nusu ya safari."

Dada akaahidi. Kesho yake, saa ya chakula, aliivuta ripoti ya utafiti ule mkubwa ili anakili mazoezi kwa ajili ya kaka yake. Hakuwa akitafuta kosa. Alikuwa akitafuta zoezi la vidole.

Kwenye ukurasa unaoeleza jinsi wagonjwa walivyopimwa, akakuta kwamba waliwekewa ubao wenye vitundu na vijiti vidogo. Mgonjwa alitakiwa kuhamisha vijiti kutoka vitundu vya upande huu kwenda vya upande ule, huku mtu akishika saa. Namba zilizoandikwa kwenye jedwali la matokeo zilikuwa sekunde.

"Nilisoma nikapita," anasema. "Kisha nikarudi. Sekunde."

Tafiti nyingine zote zilipima kwa alama. Mgonjwa anayenyanyua mkono vizuri anapata alama nyingi, kwa hiyo namba kubwa ni habari njema. Lakini kwenye sekunde mambo ni kinyume. Mwenye namba kubwa ndiye aliyechelewa, ndiye ambaye mkono wake ni mzito. Na kwenye utafiti ule, waliotembelewa nyumbani ndio waliokuwa na namba kubwa. Walikuwa wamechelewa kuliko wasiotembelewa. Yeye na Babu Dozi walikuwa wameingiza kushindwa kama ushindi. Na kwa kuwa ulikuwa utafiti wenye watu wengi, programu iliupa uzito mkubwa, ukaivuta almasi nzima kwenda kulia.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa neno liliharibika mikononi mwa watu wawili, kila mmoja peke yake, kwa namna ileile. Kabati huzuia mtu kuiga kosa la mwenzake. Haliwezi kuzuia macho ya watu wawili waliochoka kuzoea kitu kimoja. Ripoti baada ya ripoti ilikuwa ya alama, na jedwali la hii lilikuwa limeandikwa juu yake "matokeo ya mkono", basi. Kama mmoja wao angekosea na mwingine akapatia, wangegundua siku walipolinganisha. Walikosea pamoja, kwa hiyo walikubaliana.

Programu nayo haikusema kitu, na haikuwa na la kusema. "Ile ni mashine ya kusaga," anasema Mama Almasi. "Ukiitilia mahindi inasaga. Ukiitilia mchanga, inasaga vilevile, tena kwa mlio uleule."

Akaifunga ripoti. Akaiweka chini ya nyingine. Mchana ule alifanya kazi nyingine kabisa, na aliporudi nyumbani kaka alipouliza habari za mazoezi, alimdanganya. Alisema ripoti haikuyaeleza.

"Nitasema ukweli," anasema, na hapa anaacha kutazama skrini. "Nilitamani nisingeufungua ukurasa ule. Niliwaza, mimi na Babu tumekubaliana. Daktari amepitisha. Uongozi unaulizia pikipiki. Nani atarudi kusoma kurasa zile? Na yule anayesubiri ni kaka yangu. Si mgonjwa wa kwenye jedwali. Ni mtu aliyeninunulia sare."

Kilichomtoa kwenye kimya hicho, anasema, hakikuwa ujasiri. Alimwangalia kaka yake akijaribu kufunga kifungo cha shati, akakumbuka wale wa vijiti, waliotembelewa wakachelewa. Hakuna aliyejua kwa nini walichelewa. Labda walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Labda mazoezi yaliwachosha mkono. "Nikajiuliza, sasa mimi namletea nini humu ndani? Napigania kitu kije kwa ndugu yangu, na sijui kama ni heri au shari."

Asubuhi yake alilizunguka kabati akaweka ripoti mbele ya Babu Dozi, ukurasa ukiwa wazi.

Mzee alisoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Nimehesabu vidonge maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kumpa mtu dozi kinyume. Leo nimeipa hospitali nzima."

"Tumeipa, Babu. Sote."

"Kinyozi hajinyoi, ndiyo maana wakatuweka wawili. Kumbe wawili nao wanaweza kukatana sikio lilelile." Akanyanyuka. "Twende kwa daktari kabla sijapata akili ya kuogopa."

Daktari hakugombeza mtu. Alivuta kiti, akasoma ukurasa, akamwambia Mama Almasi abadilishe. Kubadilisha kwenyewe ni kuweka alama ya kutoa mbele ya namba, kitufe kimoja. Mama Almasi alikibonyeza mwenyewe. Kile kisanduku kikubwa kikaruka ukuta, kikaenda kukaa kushoto. Almasi nayo ikasogea, ikasogea, ikaja kukalia ukuta, nusu huku nusu kule.

"Haikusema huduma ni mbaya," Mama Almasi anasisitiza, maana jambo hili watu hulikosea sana. "Wala haikusema ni nzuri. Ilisema hatujui. Na kutojua nako ni jibu, ila ni jibu ambalo halinunuliwi pikipiki."

Waliwaandikia barua pepe waliofanya utafiti ule ili wasije wakakosea mara ya pili kwa haraka. Jibu likaja kwamba ndiyo, ni sekunde. Daktari akawaeleza uongozi kila kitu, akisema kosa ni la kitengo. Babu Dozi alimwuliza kama hakuona aibu. "Mficha uchi hazai," daktari akajibu, akaendelea kuandika. Mpango wa kupeleka huduma mitaani ukasimamishwa. Tangu siku hiyo kuna sheria mpya chumbani. Kabla ya kuandika namba yoyote, kila mmoja hujiuliza kwa sauti kama juu ni nzuri au mbaya, na ripoti isiyosema haiingii mpaka imesema.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa bado, nayo haikuwa ya ofisini.

Alimwambia kaka yake wakiwa wamekaa jikoni, yeye anachambua mboga, kaka anabana vibanio vya nguo kwenye kamba, zoezi alilopewa kliniki. Alianza na uongo wake. Kisha akaja kwenye sekunde, kisha kwenye pikipiki zisizokuja.

Kinyozi aliendelea na vibanio vyake. Kimoja kikamponyoka.

"Kwa hiyo yule bonge..."

"Alikuwa anakimbia upande mwingine."

"Na mimi ndiye niliyekutuma ukamwangalie."

"Wewe ndiye."

"Ningejua ningenyamaza."

"Ningenyamaza na mimi, kaka. Nilinyamaza siku nzima."

"Siku nzima," kaka akarudia. "Wewe uliyemwambia mwalimu wa hesabu kwamba amekuzidishia alama. Siku nzima ni nyingi kwako." Akainuka akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Kwa siku mbili hakumsemesha dada yake ila kwa ndiyo na hapana.

"Alikuwa na haki," anasema Mama Almasi. "Nilimpelekea matumaini kwenye karatasi, kisha nikaja nikayachukua."

Wiki zilizofuata, daktari alirudi kwa uongozi na hoja moja aliyoishikilia kama kupe. Kama tafiti zote za watu wengine hazitoshi kusema, basi utafiti ufanyike hapa. Kwa kura, nusu ya wagonjwa watembelewe nyumbani, nusu waendelee na kliniki kama kawaida, na baada ya miezi sita mikono ya wote ipimwe na mtu asiyejua nani alitembelewa. Uongozi uliguna sana, ukakubali. Mitaa iliyokuwa haina huduma ikaingizwa kwenye utafiti, na wa Mama Almasi ukiwamo.

Kinyozi alielezwa na wahusika wa utafiti, dada yake akiwa amekaa nje kwa makusudi asionekane anamshawishi. Alitoka akiwa ameshakubali. Kura inapigwa na kompyuta iliyo mahali pengine kabisa, na hakuna daktari wala ndugu anayeweza kuisukuma.

Ikampeleka upande wa kliniki peke yake. Hakuna atakayemtembelea.

"Nilipoambiwa, nilikwenda chooni nikalia," anasema Mama Almasi. "Nilisema, hii sasa ni nini? Kama ningefunga mdomo, leo mtu angekuwa sebuleni kwangu anamkunjua vidole."

Aliyembembeleza ni mgonjwa mwenyewe. Kinyozi anaisimulia hadithi hiyo kwa raha, akiwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la chumba cha mbele, mkono wa kulia umelazwa mapajani juu ya taulo iliyokunjwa.

"Amekuja macho mekundu, ananiomba radhi. Nikamwambia, wewe mwanamke, si wewe uliyenieleza? Wasipokuwepo wa upande huu, wale wa upande ule watalinganishwa na nani? Na ukuta? Lazima wawepo watu wa kukaa huku. Mimi kukaa nimezoea, miaka yote wateja ndio walikuwa wanakaa na mimi nasimama. Sasa zamu yangu."

"Hukusema hivyo," dada anamkatiza. "Ulisema, 'Kumbe hata kwenye bahati nasibu mna roho mbaya.'"

"Hilo nilisema kwanza. Haya nilisema baadaye."

Hasira hana tena, anasema, ila asidanganye mtu, inamuuma. Anakifikiria kibanda chake. Juzi yule mteja wa nusu kichwa alikuja kumjulia hali, na kinyozi aliona kwamba sasa ananyolewa na mtu mwingine, tena vibaya, nyuma ya masikio. Mteja alipoondoka, kinyozi alibana vibanio kamba nzima, akavitoa, akavirudia mpaka jasho likamtoka.

Dada anaona mabadiliko. Kidole cha shahada kimeanza kukunjuka chenyewe asubuhi. Juzi alichukua chanuo, akalishikilia muda wa kutosha kulipitisha mara moja kichwani mwa dada yake kabla ya kulidondosha. Mama Almasi hajamwambia yeyote kazini, na hatamwambia. Kwa sababu ya undugu huo, haruhusiwi kugusa namba za utafiti huu. Atakayepima hamjui kinyozi, na Babu Dozi ataziingiza akisaidiwa na mtu atakayeazimwa kutoka idara nyingine. Zitakuwa mstari wa kumi na mbili kwenye mchoro.

Miezi iliyobaki ni minne. Kitengo kimeshaahidi kwamba siku jibu litakapotoka, wagonjwa wenyewe wataitwa kwanza kuelezwa, kabla ya uongozi. Mama Almasi ndiye aliyeomba iwe hivyo, na ndiye anayetayarisha maelezo kwa lugha ambayo mtu yeyote wa foleni ya kliniki ataielewa.

Anapoulizwa anatumaini almasi iangukie wapi, anaokota kibanio kilichoanguka chini ya kiti cha kaka yake, anakirudisha kwenye kamba.

"Ili huduma ije mtaani kwetu, lazima wanaotembelewa wawashinde akina kaka," anasema. "Kwa hiyo nikiomba huduma ije, ni kama naomba mikono ya akina kaka ibaki nyuma. Nikiomba akina kaka wapone wenyewe, naomba huduma isije, na kuna wengine wengi wanaisubiri. Nimejaribu kuomba vyote viwili. Haviombeki pamoja."

"Sasa unaomba nini?" kaka anauliza, na safari hii hatanii.

"Naomba wapime sawasawa."

Kinyozi anamtazama dada yake, anangoja. Mama Almasi anageuzia uso dirishani.

"Na mkono," anasema. "Naomba mkono, kaka. Mungu anisamehe."